Nilidhani Wapolandi na Wajerumani ni Watani

Tangu nirudi hamjaacha kuniuliza, mafundi wenzangu wa Kamalondo na ninyi mnaosali nami, safari ilikuwaje. Nimekuwa nikijibu "muzuri tu" huku nikiinamia cherehani. Haikuwa nzuri. Nimeona niandike mara moja, msome wote, halafu tusiiongelee tena mbele ya wateja. Habari za viza na makaratasi nawaachia, maana kila mmoja wenu anazijua na zinachosha hata kuzisoma.

Kwa asiyejua mambo ya nyumbani kwetu, mama yetu alizaa wana wawili na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai aliyehamia hapa kwa kazi ya reli, na ndiye aliyejenga nyumba yetu ya Kampemba. Alimwachia mama mtoto mmoja, Tshibangu. Alipokufa, mama akaolewa na baba yangu, mtu wa kaskazini ya Katanga, naye akahamia humohumo. Kwa hiyo Tshibangu ni yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, na nyumba ninayoishi mpaka leo ni ya baba yake.

Ile miaka Wakasai walipofukuzwa hapa mjini kwa kuitwa wageni, yaya alitolewa ndani ya nyumba ya baba yake na kupandishwa treni. Yeye alikuwa kijana aliyekaribia kumaliza shule, mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Hakurudi tena. Alizunguka sana, mwisho akatua Ujerumani, kwenye mji wa mpakani unaoitwa Görlitz, akaoa mwanamke wa Poland. Pesa na picha alikuwa akituma kwa mama, mimi alinisalimia kwa ufupi. Sasa mama amezeeka, moyo unamsumbua, na mwaka huu aliniita akaniambia: "Enda umuambie akuye alale humu hata siku moja, nimuone." Hiyo tu ndiyo iliyonipeleka Ulaya.

Luano hadi Addis

Ndege ilichelewa kwa saa sita pale uwanja wa Luano, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Tulikaa chini, kila mtu na mfuko wake. Mama alikuwa amenifungia kikanda, ule mkate wa karanga na mizizi ya porini ambao yaya aliupenda tangu utoto, vipande vinne. Nilikuwa nimeuweka mapajani kama sakramenti.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Kasenga. Tukasalimiana, akaniuliza nimeoa wapi. Nikamwambia mke wangu ni wa kwao hukohuko Kasenga, ukoo wa samaki. Alinyoosha mkono, akafungua mfuko wangu, akatoa kipande cha kikanda na kuanza kukitafuna.

"Mi niko wa ukoo wa mamba," akasema akiwa na mdomo umejaa. "Mamba anakula samaki. Ukikataa, muambie bibi yako anishitaki."

Nikacheka mpaka machozi, nikamwambia ana meno ya kukopa. Akala na cha pili. Nyote mnaujua utani huu, kule wanauita bunungwe. Siku tulipomzika baba mkwe wangu, banungwe wake, yaani watani wake, walikuja kwenye kilio wakalala kwenye mkeka wa wafiwa na kudai pombe, na hakuna aliyekasirika. Yule mzee alinikumbusha jambo ambalo wazee hutuambia kila mara, kwamba utani ulianza kwa watu waliopigana zamani wakachoka. Nilipanda ndege na vipande viwili vya kikanda na wazo hilo kichwani, na wazo hilo ndilo lililoniponza.

Frankfurt hadi Görlitz, treni tatu zilizopaswa kuwa mbili

Kikanda kilichobaki kilichukuliwa uwanjani Frankfurt na mtu wa forodha aliyevaa glovu. Alikinusa, akaniuliza ni nyama gani. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba si nyama, ni mizizi, naye hakujua Kifaransa. Akakitupa mbele yangu kwa adabu kubwa.

Ninyi mlioniambia Ujerumani treni zinaenda kwa dakika, mlinidanganya. Ya kwanza ilichelewa zaidi ya saa. Ya pili ilifutwa, tukashushwa kwenye kituo kidogo chenye upepo, tukangoja nyingine. Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja Mpolandi wa rika langu, aliyefanya kazi za usafi Brussels miaka mingi na kujifunzia Kifaransa humo. Alipoona nimekaa tu bila kula, akafungua mfuko wake, akanipa yai la kuchemsha, soseji nyembamba ngumu na tango la chumvi. Kwa njaa niliyokuwa nayo ilikuwa karamu.

"Babu yangu alitufundisha kumwogopa Mjerumani kwa sababu kila kitu chake kinakwenda sawasawa," alisema. "Sasa treni zetu zinafika kwa wakati, zao hazifiki. Ninafurahi. Halafu najiona mbaya kwa kufurahi."

Nilimuuliza kwa Kipolandi Wajerumani wanaitwaje. Akanitajia jina, akaniambia linatokana na neno linalomaanisha bubu. Wahenga wake walikutana na watu hawa, wakawasemesha, wasijibiwe neno la maana, wakawaita mabubu. "Na mpaka leo tunawaita hivyo, hata kwenye habari za redio," akasema.

"Na wao wanawaitaje ninyi?"

"Jina la kawaida tu. Lakini nyumba ikiwa na fujo, vyombo havijaoshwa, husema ni uendeshaji wa Kipolandi."

Tulipopanda ile treni ya tatu, mkaguzi wa tiketi alipita akiomba radhi. Mama yule akamwambia kitu kwa Kijerumani, mkaguzi akajibu, watu wa karibu wakacheka. Nikauliza wamesema nini. "Nimemwambia aje apande treni za kwetu. Akasema atakuja tukimrudishia baiskeli yake." Naye alicheka kidogo, kisha akauvuta mfuko wake kati ya miguu na kuangalia nje mpaka tulipofika Dresden. Mimi nilishika kicheko tu. Nikajiambia, kumbe hawa ni watani. Walipigana, wakachoka, sasa wanataniana. Nilifurahi kukuta kitu ninachokijua mbali namna ile.

Görlitz, kwenye ngazi za mzee Krause

Yaya alinipokea kituoni. Kichwa chote mvi, mikono minene ya mtu wa kukanda unga, kwani anafanya kazi kwenye duka la mikate. Nilitaka kumkumbatia, yeye akanipa mkono kama mtu anayepokea mteja.

"Mama iko namna gani?"

"Anazeeka, yaya. Anakuita. Anasema ukuye ulale ku nyumba hata siku moja."

"Tutaongea," akasema, akachukua sanduku langu.

Neno hilo, tutaongea, nililisikia siku nne. Nikianza asubuhi, tutaongea. Nikianza akirudi kazini, tutaongea. Mji wenyewe ni mzuri wa kutisha, nyumba kubwa za zamani zilizopakwa rangi upya, na nyuma ya madirisha mengi hamna mtu. Vijana wamekwenda kutafuta kazi kwingine. Wazee ndio waliobaki, na wanaowahudumia wazee hao wengi wanatoka ng'ambo ya mto, Poland. Mkewe yaya, Halina, ni mmoja wao. Mwanamke mrefu, mpole, anayetembea haraka. Mimi na yeye tulielewana kwa ishara, na yaya akitutafsiria alipotaka.

Chini yao anaishi mzee Mjerumani, Krause, mjane. Kila asubuhi Halina akishuka, Krause hufungua mlango na kumrushia sentensi ileile, maneno machache yenye kina mwisho kama wimbo wa watoto. Maana yake, yaya alivyonitafsiria: kinachoibiwa leo, kesho kiko Poland. Halina humjibu kwamba sigara anazovuta Krause nazo zimetoka Poland, na nywele zake zimekatwa Poland, kwa hiyo arudishe kichwa. Wanacheka wote wawili. Ndiyo, nikasema, hawa ni watani kabisa. Nikasimama kwenye ngazi na kumwomba Krause kwa ishara anirudilie ile sentensi polepole. Alifurahi sana. Alinifundisha mpaka nikaishika.

Siku ya tatu Krause alinikaribisha kahawa, yaya akatafsiri. Mzee akaniambia: "Halina alimwogesha mke wangu miaka mitatu, mpaka alipokufa. Watoto wangu hawakumwogesha hata mara moja." Macho yalimjaa maji, na nilimwamini. Siku hiyohiyo mchana, binamu zake Halina wawili walikuja kumletea viazi. Krause alitoka, akaichukua baiskeli yake ambayo tayari ilikuwa na kufuli mbili, akaibeba begani kuiingiza ndani kwake. Mimi nikacheka nikidhani ni sehemu ya mchezo. Binamu hawakucheka.

Jioni nilimuuliza Halina kupitia yaya kama anampenda mzee huyu. Akafikiri. "Ni mtu mwema. Lakini miaka yote hii hajawahi kuniuliza baba yangu anaitwa nani."

Zgorzelec, Jumapili mezani

Jumapili tulivuka mto kwenda Zgorzelec, upande wa Poland, kula kwa baba yake Halina. Mto unaougawa mji huo si mkubwa, hata Luapula wakati wa kiangazi ungeucheka. Zamani ulikuwa mji mmoja wa Wajerumani. Baada ya vita kubwa mpaka ukachorwa mtoni, Wajerumani wa upande wa mashariki wakafukuzwa, na Wapolandi wakaletwa kukaa kwenye nyumba zao. Wengi wa hao walioletwa nao walikuwa wamefukuzwa kwao, mbali zaidi mashariki. Sasa unavuka kwa miguu, hatua mia mbili hivi, na alama za njiani zinageuka lugha. Wajerumani huvuka kwenda kununua petroli na siagi na kunyolewa. Wapolandi huvuka kwenda kazini, na kununua sabuni. Baba yake Halina hafui kwa sabuni ya kwao hata kama pakiti ni ileile. Anasema Wajerumani hujiwekea iliyo bora na kuwapelekea wengine makapi. Halina anamwambia ni uongo, kisha anamnunulia.

Baba huyo ni fundi bomba mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinivulia kofia mlangoni na kunibusu mashavu yote mawili. Chakula kilikuwa supu chachu ya unga uliochachuliwa, ladha iliyonikumbusha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na yai na soseji ndani. Halafu vitu kama sambusa za kuchemsha. Nilikula sahani tatu, akafurahi.

Wakati wa chai niliona juu ya kabati mtungi mweupe wa zamani ulioandikwa *Mehl*. Mimi na Kifaransa changu nikasoma *miel*, asali. Nikauomba kwa ishara. Wakanipa wakitazamana. Nikachota na kijiko: vifungo. Vifungo vya kila namna, vya mifupa, vya chuma, vya koti la jeshi. Kila mtu alicheka, na mimi fundi nikaanza kuvipanga mezani. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za safari hii, nawaambieni.

Ndipo baba akaeleza. Neno lile ni Kijerumani, maana yake unga. Mama yake alipoletwa kwenye nyumba hii, akiwa amefukuzwa kwao mashariki na bunda moja mgongoni, alikuta mtungi uko jikoni na unga bado umo. "Unga wa Wajerumani tuliula," alisema. "Vifungo ni vyetu." Akaongeza kwamba miaka ya nyuma mwanamke mzee Mjerumani alikuja akasimama getini na picha mkononi. Alikuwa amezaliwa humu. Mke wake, sasa marehemu, alimkaribisha, akampa chai, akamwacha apande ngazi na kushuka. Yule mgeni alilia, akashukuru, akaenda zake. "Kesho yake nikabadilisha kufuli," alisema baba. "Sijui kwa nini. Alikuwa mama mwema kabisa."

Yaya alitafsiri hayo yote akiangalia kitambaa cha meza. Mimi nilijua anafikiria nyumba ipi. Nilitaka tutoke kwenye habari za nyumba na kufuli haraka, turudi kwenye kicheko cha vifungo. Nikakumbuka mamba na samaki. Nikanyanyuka, nikaonyesha viatu vyangu nilivyoviacha mlangoni, kana kwamba vitaibiwa, na kwa Kijerumani changu cha ngazini nikasema ile sentensi ya Krause, yote, na kina chake, nikacheka.

Hakuna aliyecheka. Baba aliweka kijiko chini. Halina aliinuka akaenda jikoni na kufungua bomba, ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha.

Kisha baba alisema taratibu kwa Kipolandi, Halina akarudi akayageuza kwa Kijerumani, yaya akaniletea kwa Kiswahili: "Anasema hivi. Baba yake alikamatwa na Bajerumani akiwa kijana, akapelekwa kufanya kazi ya nguvu ku shamba yabo. Balimushonea herufi P hapa ku kifua, bantu bajue iko Mupolandi. Alikamatwa akiwa ju ya baiskeli yake. Anasema baiskeli ile iko Ujerumani mupaka leo, na hakuna muntu anaimba wimbo juu yake."

Niliomba radhi. Sijui ilifika vipi kupitia lugha tatu. Baba aliitikia kwa kichwa na kunimiminia chai nyingine, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Wakati wa kuaga, nilimuuliza Halina mbona kila asubuhi anacheka na Krause. Yaya akasita, kisha akamuuliza. Jibu lilikuwa fupi. "Ninaishi juu ya kichwa chake. Nifanye nini? Ngazini nacheka. Nyumbani kwa baba yangu sicheki."

Darajani

Halina alibaki kwa baba yake. Mimi na yaya tulirudi kwa miguu, mvua ikinyunya. Upande wa Ujerumani askari walikuwa wanakagua wanaoingia. Mbele yetu Wazungu kadhaa walipita bila kuulizwa, sisi tukasimamishwa. Yaya alitoa kitambulisho chake cha Kijerumani, mimi pasi yangu, wakaenda navyo kwenye gari lao na kutuambia tungoje. Tulingoja tukiegemea ukuta wa daraja. Ndipo yaya akaongea, baada ya siku nne.

"Kule Kasenga, kama munungwe anakucheka, we unaweza kumurudishia?"

"Ndiyo, yaya. Unamurudishia na unazidisha. Njo utani."

"Baba ya Halina angekurudishia nini?"

Nilipandisha kola ya koti, mvua ilikuwa inaniingia shingoni.

"Hapa mumoja anacheka, mwingine anameza. Ile haiko utani, Kasongo. Krause haiko muntu mubaya. Lakini hajui kama ye njo anacheka tu, na Halina njo anameza tu." Akanigeukia. "Unakumbuka vile tulikuwa tunaitana, we na mi, tukiwa batoto?"

"Uliniita Kiboko."

"Na we uliniita nani?"

Niliangalia maji.

"Sema."

"Kilulu."

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kilulu ni mdudu, na bilulu ndilo jina waliloitwa Wakasai hapa mjini wakati ule, njiani, sokoni, hata shuleni. Nyumbani kwetu sisi wawili tuliligeuza mchezo. Yeye ananirushia Kiboko, mimi namrushia Kilulu, mama anatupigia kelele tuache.

"Siku ile mama alienda ku soko," yaya akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za kazini. "Nilikuwa chini ya kitanda mu chumba ya nyuma. Dirisha ilikuwa wazi. Nilisikia bale bijana ku mulango banauliza, mu hii nyumba kuna nani? Kisha nikasikia sauti yako. Ulikuwa unacheka. Ulisema, Kilulu yetu iko mu chumba ya nyuma."

Ni kweli. Naandika hapa kwa mkono wangu kwamba ni kweli. Wale vijana walikuwa wakubwa, walikuwa wananichekea, na nilitaka kuwa mmoja wao hata kwa dakika moja. Nilisema vile nilivyozoea kusema kila siku mezani. Walipompitisha mbele yangu nilikuwa bado na tabasamu usoni, sijui pa kulipeleka. Miaka yote hii nimejiambia kwamba hakusikia. Pale darajani nilitaka kulia na nikaona hata kulia sina haki.

"Unisamehe, yaya."

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Njo ile tu," akasema. "Sitakuya kulala mu nyumba kwenye mama hajui nani alinifukuzisha. Muambie we mwenyewe, na kinywa yako. Kisha mama aniite ku telefone, ye mwenyewe. Siku akiniita, nitapanda ndege."

Askari akarudi na karatasi zetu. Alimrudishia yaya kitambulisho, akamwambia jambo huku akitabasamu, na yaya akatabasamu vilevile. Nilimuuliza kasema nini. "Ameuliza kama tumenunua sigara," akasema, akatangulia mbele yangu.

Kampemba

Kurudi hakukuwa na kuchelewa hata kidogo. Treni zilifika, ndege iliruka kwa wakati, na ndiyo siku niliyoomba vyote viharibike. Mama alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake. Aliangalia nyuma yangu kama kuna mtu anashuka kwenye teksi.

Siku ya kwanza nilimwambia yaya ni mzima. Siku ya pili nilimwonyesha picha za Halina. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikamwambia yote, kuanzia dirisha mpaka daraja.

Kisha akauliza: "Ulisema kwa kucheza?"

"Kwa kucheza, mama."

"Na mama Kalenga?"

Mama Kalenga alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa njia. Tangu siku ile mama aliamini kwamba ndiye aliyewaonyesha vijana nyumba yetu, kwa sababu alionekana amesimama getini kwake. Hakumsalimia tena maisha yake yote. Mimi niliona, nikaacha. Msimu wa mvua uliopita mama Kalenga alikufa, na mama alitukataza hata kwenda kwenye matanga.

"Alikuyaka hapa ku mulango mara mingi kuniambia haiko ye," mama akasema. "Nilimufungia. Amekufa na kosa yako."

Akaomba kitambaa chake cha kichwa, kile cha misa. Nikajua anakwenda kwa watoto wa mama Kalenga. Nikampa mkono wangu ashike.

"Haiko we," akasema, akausukuma mkono wangu.

Alivuka njia peke yake, akishika ukuta na kupumzika kila hatua chache, nami nikabaki getini nikimwangalia. Alikaa kule saa nzima. Aliporudi hakunieleza alichoambiwa, na sikuthubutu kuuliza.

Yamepita majuma matatu. Namba ya yaya iko kwenye simu, simu iko kando ya kitanda cha mama, naye hajaigusa. Juzi nilimwuliza kwa nini hampigii, maana yaya anangoja sauti yake tu na atakuja.

"Nitamuambia nini, Kasongo?" mama akasema. "Nilikulea mu nyumba ya baba yake."